Viti Vyeupe vya Korongo

Soma hii taratibu, na ukifika mwisho mtumie yule ndugu yako mwenye kabati la sahani ambazo hazijawahi kuonja pilau kwa sababu zinangoja wageni. Usimwambie kwa nini umemtumia. Atajijua mwenyewe.

Katika mji mmoja wa karakana za reli palikuwa na timu ya mpira wa kikapu iliyoitwa Korongo. Ilikuwa timu ya kulipwa, wachezaji wake warefu hata wakipita sokoni huinama chini ya maturubai, na ilikuwa ikishinda. Shida yake haikuwa uwanjani. Shida ilikuwa kwenye viti.

Ukumbi wa Korongo ulikuwa na viti mia nane. Siku ya mechi ungekuta watu mia na kitu, wamejibanza juu kabisa karibu na bati, wengine nyuma ya nguzo, wanatazama mchezo kwa kunyoosha shingo. Huko chini, karibu na uwanja, safu baada ya safu ya viti vizuri kuliko vyote ilikuwa imevikwa vitambaa vyeupe, na kila kiti kimebandikwa karatasi: KIMEHIFADHIWA. Mbele ya safu ya kwanza palipangwa meza ndogo zenye chupa za maji.

Viti hivyo vilikuwa vya wakubwa, na karatasi za vile vya katikati ziliongezwa hata vyeo vyao. Wakubwa hawakuja. Mechi ikiisha chupa zilirudishwa stoo, na mechi inayofuata zikatolewa zile zile, maji yale yale, msimu baada ya msimu.

Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyolelewa: kiti cha mbele kina mwenyewe, hata kama mwenyewe hana habari nacho.

Tiketi ziliuzwa na mama mmoja, Bi Tunu Mkwizu, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Fundi aliyejenga chumba chake alipima vibaya, dirisha likawa tundu dogo la chini, kiasi kwamba Bi Tunu hakuona nyuso za watu. Aliona mikono. Kulikuwa na mkono wenye grisi ya karakana, mkono wenye unga wa maandazi kwenye kucha, mkono wenye hina ya harusi ya juzi. Akawajua wateja wake hivyo, na mara nyingi alianza kuwasalimu kabla hawajafungua midomo.

Lakini mechi yenyewe alikuwa hajawahi kuiona hata moja. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Lihanjo, alikuwa ameagiza dirisha lisifungwe mpaka kipenga cha mwisho, maana huenda mgeni mkubwa akachelewa. Basi Bi Tunu alizijua mechi kwa masikio. Mpira ulipodunda ukumbini ukajibiwa na mwangwi, alijua viti vimejaa hewa. Alikuwa akiisikia Korongo ikishinda, na mwangwi ukimwambia kwamba ushindi huo hauna mashahidi, na moyo ulimuuma kila Jumamosi.

Sasa, siku moja ikaja barua kutoka kwa Mwenyekiti wa Ligi, anayekaa mji mkuu. Bwana Lihanjo akaisoma mbele ya wafanyakazi wote, sauti ikimpungua kadiri alivyoendelea.

"Nimetazama mechi zenu kwenye televisheni kwa misimu mitatu," barua ilisema. "Kila mara naona viti vitupu. Mji usioipenda timu yake haustahili kuwa nayo. Nitakuja mechi yenu ya mwisho. Nikikuta viti vitupu siku hiyo, msimu ujao Korongo watahamia mji mwingine."

Bwana Lihanjo hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu wa heshima tu, na heshima nayo ikizidi huwa ugonjwa. Alikunja barua ile mara nne, akamtazama Renatus, mtaalamu wake wa masoko.

"Bwana mdogo, mechi zimebaki nne. Jaza ukumbi."

Renatus alijituma, hilo tusimnyime. Mechi ya kwanza alizungusha gari la matangazo mji mzima, likapiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba. Waliokuja ni wale wale wa juu chini ya bati. Mechi ya pili alileta mwanamuziki. Watu walijaa mlangoni, wakamsikiliza, alipomaliza kuimba wakaondoka naye. Mechi ya tatu alichapisha tiketi za bure na kuzigawa sokoni. Zilipokelewa kwa shukrani nyingi, na asubuhi yake zikaonekana zikiwashia majiko.

Ikabaki mechi moja na siku sita. Bwana Lihanjo akaita kikao, akauliza nani ana wazo. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Bi Tunu alikuwa amesimama mlangoni, chini ya kwapa ameshika kopo kubwa la siagi, lile la zamani la bati.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, Bi Tunu. Ila kwa kifupi, mama, tuna mambo mazito."

"Ninyi mnawahesabu waliokuja. Mimi nawajua waliogeuka."

Akafungua kopo, akalimimina mezani. Zilianguka tiketi zilizoharibika kiwandani, mamia kwa mamia, na nyuma ya kila moja pameandikwa jina na namba ya simu.

"Ni akina nani hawa?" Bwana Lihanjo aliuliza.

"Hawa walikuja dirishani na pesa mkononi. Wakaomba kiti cha karibu, watoto wapate kuona. Nikawaambia vimehifadhiwa. Wakaniuliza vimehifadhiwa kwa ajili ya nani, nikakosa jibu. Wakaondoka zao." Bi Tunu alivuta pumzi. "Mwenyekiti, nilikuwa naona haya. Unamwambiaje mtu nafasi hakuna, na mpira unadunda huko nyuma yako kama uko ndani ya tangi tupu? Basi nikawa nawauliza majina. Nikawaahidi kwamba siku nafasi ikipatikana nitawaita."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu ule mlioleta vile vitambaa."

Renatus alikuwa ameokota tiketi moja, kisha nyingine, kisha kiganja kizima.

"Mwenyekiti," alisema, "nimesomea kazi hii miaka minne. Hakuna aliyenifundisha kuwauliza waliogeuka."

"Kwa hiyo unataka nini, Bi Tunu?" Bwana Lihanjo aliuliza.

"Nataka viti vyeupe."

Bwana Lihanjo alimtazama kama mtu aliyeombwa suruali aliyoivaa.

"Na wageni wakija?"

"Wamekuja lini, baba?"

Bwana Lihanjo alijaribu kukumbuka mechi hata moja waliyokuja, hakuipata.

"Ukishindwa, Bi Tunu, mimi sitakuwa na la kukutetea. Kazi huna."

"Na Korongo wakihama, pale dirishani nitauza nini? Karanga?"

Mtu akacheka, akajizuia. Bwana Lihanjo naye akakubali, kwa shingo upande, ila akaweka sharti. Viti viwili vya katikati, safu ya kwanza, vibaki na vitambaa vyake: kimoja chake, na kimoja cha Mwenyekiti wa Ligi.

"Hivyo viwili asiguse mtu," alisema. "Asije akafika mtu mzito kama yule tukamkalisha na wauza nyanya."

Siku tano zile Bi Tunu alipiga simu mpaka sauti ikakauka. "Mimi ni yule mama wa dirishani, Korongo. Kiti chako cha mbele kimepatikana. Njoo Jumamosi ulipie tiketi yako." Wengine walikata simu. Mmoja akamwambia, "Matapeli siku hizi mmefika mpaka kwenye kikapu?" Bi Tunu akampigia tena na kumkumbusha kwamba alikuja siku ya mvua, mkono wa kushoto una kovu la moto, na alikuwa na pacha wawili waliokuwa wakigombea embe. Yule bwana akasema atakuja, na pacha wote wawili atakuja nao.

Katika kopo lile palikuwa na tiketi moja yenye jina fupi tu, Fulgensi. Bi Tunu aliukumbuka mkono wake. Ulikuwa mkono mkubwa wa mtu mzima, kidole cha mwisho kimepinda kama ndoana, na pembeni yake kikono cha mjukuu wake kikishika ukingo wa dirisha. Alipomuuliza jina la ukoo alijibu, "Fulgensi tu, mama, inatosha." Sasa alimpigia, akamwambia kiti chake cha mbele kimepatikana.

"Safu ya ngapi, mama?"

"Ya kwanza, baba."

"Una hakika?"

"Nimeshaliandika jina lako."

Na kweli alikuwa ameliandika. Vitambaa alivivua, lakini zile karatasi za KIMEHIFADHIWA hakuzing'oa. Chini ya kila moja aliandika kwa kalamu nene jina la mtu: Mama Sikitu wa maandazi. Fundi Kalugendo. Mwalimu Nyakunga na wanafunzi wake. Kiti kwa kiti, safu kwa safu, kwa mwandiko wake mmoja wa duara.

Habari haikai mjini. Kufika Alhamisi, karakana nzima ilikuwa inajua kwamba Kalugendo, yule wa kuchomelea, ana kiti mbele chenye jina lake. Waliokuwa wakisema Korongo ni ya wakubwa wakaanza kuuliza kama vimebaki vya juu. Jumamosi, saa nane mchana, foleni ilikuwa imepita geti, imepita kituo cha mafuta, imepinda kona.

Mikono ikaja. Iliyojaa grisi, iliyonawa kwa haraka, yenye hina, yenye pete, yenye kusindikizwa na mikono midogo. Bi Tunu aliuza bila kuinua kichwa. Katikati ya ile mikono ukaja mmoja wenye kidole kilichopinda.

"Fulgensi," alisema Bi Tunu kabla mwenye mkono hajasema neno. "Na mjukuu?"

"Huyu hapa. Amekua."

"Ingieni, baba. Safu ya kwanza, kulia."

Kabla mpira haujarushwa, tiketi zote zilikuwa zimekwisha. Ila zile mbili.

Bwana Lihanjo hakuyaona hayo. Alikuwa geti la magari, amevaa suti, ameshika shada la maua, na bendi ya matarumbeta nyuma yake, akimngoja Mwenyekiti wa Ligi. Kila gari jeusi lilipokaribia, matarumbeta yaliinuliwa. Kila gari jeusi lilipopita, yaliteremshwa. Robo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, maua yakaanza kunywea, na yeye bado anatazama barabara.

Bi Tunu naye, kwenye kichumba chake, alikuwa ametega sikio. Mpira ulidunda. Mwangwi haukujibu. Ulidunda tena, na kilichojibu ni watu, mia saba tisini na wanane, sauti moja ikatikisa mpaka kalamu yake mezani. Miaka kumi na moja alikuwa hajawahi kuusikia ukumbi ule ukiwa umeshiba. Alilia, na wala hakutafuta leso.

Ukafika mapumziko. Bwana Lihanjo aliingia ukumbini akitokwa jasho, kuja kusema mgeni bado, wamsubiri kidogo kabla ya kuendelea. Hakupata nafasi ya kusema. Mwanamume mmoja wa safu ya kwanza alikuwa amesimama, akavua kapelo, akamwomba mtangazaji kipaza sauti. Bwana Lihanjo alipouona uso ule, shada lilimponyoka.

Bi Tunu hakuuona uso. Ila vipaza sauti vilifika mpaka dirishani, na sauti ile aliijua.

"Naitwa Fulgensi," sauti ilisema. "Mimi ndiye Mwenyekiti wa Ligi."

Waliokuwa nyuma wakasimama wapate kumwona.

"Misimu mitatu iliyopita nilikuwa mgeni wa mwanangu, hapa hapa mjini. Nikamchukua mjukuu wangu tuje kutazama kikapu. Sikutaka hotuba wala matarumbeta. Nilicheza mchezo huu ujana wangu mpaka kidole hiki kikavunjika, na nilitaka tu kuusikia mpira kwa karibu. Nikaomba kiti cha mbele. Nikaambiwa kimehifadhiwa. Nikarudi kwa mwanangu, nikawasha televisheni, nikakiona kiti cha mbele kitupu. Kamera ikasogea. Kilikuwa na karatasi yenye cheo changu."

Mtu mmoja akacheka, wakacheka kumi, ukacheka ukumbi mzima, na yeye mwenyewe akacheka.

"Nami kosa langu ni hili," aliendelea. "Sikuuliza nani kanihifadhia. Nilikasirika, nikaulaumu mji. Hapo ndipo ilipotoka ile barua. Juzi nikapigiwa simu na mama mmoja. Hakuniita kwa cheo, aliniita kwa jina, akaniambia kiti changu kipo." Akageuka, akavitazama viti viwili vyeupe vya katikati. "Lakini barua bado ni barua. Nilisema nisikute kiti kitupu. Naviona viwili."

Macho ya watu wote yakaenda kwenye vitambaa vile. Kisha yakamgeukia Bwana Lihanjo, ambaye alikuwa amesimama na tai yake, katikati ya mlango, hajakaa popote.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nampendea Bwana Lihanjo. Mtu mwingine angetafuta wa kumlaumu. Yeye alikwenda mwenyewe mbele ya watu, akavuta kitambaa cha kwanza, akavuta cha pili, akavikunja vyote akaviweka kwapani, kisha akatoa kalamu akaandika kitu kwenye karatasi ya kiti kimoja. Akatoka nje. Bi Tunu akaona kwenye tundu lake mikono ambayo haijawahi kupita pale, laini, yenye saa ya dhahabu.

"Bi Tunu, nipe tiketi mbili."

"Za nani, Mwenyekiti?"

"Moja yangu. Nyingine andika Tunu Mkwizu." Aliinama mpaka uso wake ukaonekana kwenye tundu, kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukifanya. "Na ufunge dirisha, mama."

"Na mgeni akichelewa?"

"Mgeni alishafika. Sisi ndio tuliochelewa."

Bi Tunu akafunga dirisha. Alipoingia ukumbini alisimama kwanza, kwa sababu hakuwa amejua kwamba uwanja unang'aa namna ile taa za mechi zikiwaka, wala kwamba ukumbi uliojaa watu ni mkubwa kiasi kile. Kisha akaona watu wanamtazama. Mama Sikitu akainua mkono wenye unga, Kalugendo akainua wa grisi, yule wa kovu akainua wake, na Bi Tunu, ambaye hakuzijua nyuso zao, akawajua wote. Kwenye kiti cha katikati palibandikwa karatasi, na chini ya KIMEHIFADHIWA palikuwa na jina lake, kwa mwandiko wa Bwana Lihanjo. Alikaa. Ukumbi ukasimama.

Mechi ilipokaribia kwisha, Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, mpira ukamfikia mchezaji wao Makwaia, mbali kabisa na kikapu. Aliurusha. Kwa miaka kumi na moja Bi Tunu alikuwa ameisikia ile sauti ya mpira kupita kwenye wavu bila kugusa chuma. Siku ile aliiona. Mpira ulipanda, ukakawia juu, ukashuka ndani kimya, na baada ya hapo hakusikia tena kitu, maana mia nane walikuwa wakipiga kelele na yeye alikuwa mmoja wao.

Walipotulia, Mwenyekiti wa Ligi alimwomba Bwana Lihanjo ile barua, akaichana, kisha kwa kiu ya kushangilia akanyoosha mkono kuchukua chupa ya maji pale mezani. Bi Tunu akaushika ule mkono wenye kidole kilichopinda.

"Baba, hayo usinywe. Yanakungoja tangu msimu wa juzi."

Korongo wako mji ule ule mpaka leo. Vile vitambaa vyeupe vilishonwa vikawa bendera moja kubwa ya timu. Na dirisha la tiketi limeinuliwa, uso wa anayekuja uonekane. Hufungwa mpira ukirushwa, na mama wa dirishani anakwenda kukaa kwenye kiti chake.

Funzo: Kiti unachomhifadhia asiyekuja ndicho kinachomfukuza aliyekuja, mpe nafasi aliye mlangoni, huenda ndiye yule yule uliyekuwa ukimngoja.